Makala Arobaini na Moja za Msemaji wa Mazishi

Saa moja na nusu asubuhi Carola Tietze alikuwa ameketi jikoni na koti lake la nje mwilini, kompyuta mbele yake, anatafuta neno. Hita ilikuwa kwenye namba moja, ya chini kabisa. Tangu bei ya gesi ipande alikuwa haivushi alama hiyo mpaka bintiye arudi jioni, na sasa, katikati ya Novemba, dirisha lilikuwa linatokwa jasho kwa ndani na vidole vyake vilikuwa vizito. Makala ya tovuti yake ilikuwa ya arobaini na moja. Kichwa alikuwa nacho: "Nani atangulie kusema mazishini, mtoto mkubwa au mjane?" Kilichomshinda ni aya ya kwanza, maana mwalimu wa semina alisema msomaji apewe jibu ndani ya mistari miwili, asipolipata anakwenda zake.

"Umeanza tena na wafu wako," akasema Josefine, akiingia na mswaki mdomoni.

"Wafu hao ndio waliokusomesha."

"Zamani, mama. Siku hizi naona wewe ndiye unayewasomesha." Akainamia sinki.

"Usiteme hapo, kuna viazi."

"Viazi tena?"

"Viazi vimekukosea nini?"

"Havijanikosea. Ila tumezoeana mno."

Josefine alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pili wa kujifunza ususi katika saluni ya mtaa wa stesheni. Mwezi mzima alikuwa anaimba wimbo mmoja: kwamba ataacha, kwamba atafungua ukurasa wake mtandaoni, atawaonyesha watu bure jinsi ya kupaka nywele rangi bila kuziunguza, na wateja watamfuata wenyewe. Kila alipoyasema, Carola alitaka kumkataza. Lakini amkataze kwa mdomo gani, wakati yeye mwenyewe kila asubuhi anafanya hilo hilo?

"Leo si ndiyo siku yako na yule bwana wa ofisi ya kazi?"

"Saa nane."

"Na mteja unaye?"

"Ninaye. Familia ya Nitsche. Saa tano nasema makaburini, saa nane naweka karatasi mezani kwa Bwana Dörffel. Basi, wananiacha na kazi yangu."

"Na usipoweka?"

"Josi, utachelewa."

Asipoweka, alijua. Aliijua barua ya ofisi kwa moyo. Carola alikuwa msemaji wa mazishi. Katika mji wa Saalwitz watu wengi hawana kanisa, na mtu akifa haitwi mchungaji, anaitwa msemaji: anakwenda nyumbani kwa wafiwa, anakaa nao jikoni saa mbili tatu, anasikiliza, halafu anasimama mbele ya chungu cha majivu, maana huko maiti huchomwa, na kumrudisha marehemu kwa robo saa, jinsi alivyokuwa. Miaka tisa alifanya hivyo, tangu maktaba ya mji ilipofungwa na yeye kutolewa pamoja na vitabu. Maduka matatu ya mazishi yalikuwa yanampigia simu. Kisha kampuni moja kutoka mbali ikayanunua yote matatu, ikaja na msemaji wake ndani ya bei ya mazishi, kijana mmoja mwenye kurasa nne ambazo ndani yake hubadilisha jina tu. Simu zikanyamaza. Ikabidi Carola akaombe nyongeza ya kipato ofisi ya kazi, na ofisi ikampeleka semina.

Semina ilikuwa ya siku mbili, katika chumba cha hoteli chenye zulia la buluu. Mwalimu alivaa raba nyeupe na hakukaa kitini hata dakika moja. "Msiuze," alisema. "Saidieni! Andika kila unachokijua, weka kwenye tovuti yako, bure. Mtambo wa kutafuta mtandaoni unampenda anayesaidia. Mtu akisaidiwa mara kumi, mara ya kumi na moja atakuita mwenyewe. Na usifiche kilicho bora, toa kilicho bora! Na mifano iwe ya kweli, watu wananusa uongo." Carola aliandika yote kwenye daftari, kwa kalamu, akapigia mstari neno bora. Alikuwa mwanafunzi mtiifu tangu shule.

Akatoa. Jinsi ya kuanza hotuba bila kulia. Useme nini juu ya baba aliyekuwa mlevi. Dakika ngapi zinatosha. Mashairi yasiyochosha. Ndani ya miezi sita akawa ametoa mkobani mwake kila alichokuwa nacho kwa miaka tisa, kimoja kimoja, akakipanga barabarani kama mtu anayehama. Na ofisi ikaandika barua: hadi tarehe kumi na nne Novemba, saa nane mchana, alete angalau kazi moja aliyoipata kupitia tovuti, yenye uthibitisho wa maandishi. Kama hana, shughuli yake itahesabiwa kuwa haina mwelekeo na atapangiwa kazi nyingine.

Kisha Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, ukaja ujumbe kwenye tovuti. Uwe Nitsche. Mama yake, Waltraud, amefariki. Je, anaweza kuja?

Alikwenda. Alikaa jikoni kwao saa mbili na nusu na Uwe na dada yake Marlies, wakamlisha keki yenye chenga za unga na sukari juu, wakacheka na kulia. Hakutoa karatasi yoyote ya kusaini. Katika kazi hii hakuna anayemwekea mfiwa mkataba mezani kati ya vikombe. Mnapeana mkono mlangoni, na mkono huo ndio neno. Ndivyo wasemaji wote wa Saalwitz walivyofanya siku zote, na ndivyo Carola alivyofanya.

Hotuba ilikuwa tayari, imechapwa kwa herufi kubwa, ndani ya jalada jeusi juu ya jokofu.

Simu ililia saa mbili na dakika tano.

"Bi Tietze? Uwe Nitsche hapa. Hujambo? Nimekuamsha?"

"Hapana, hapana. Niko tayari kabisa, Bwana Nitsche. Nitafika saa nne na nusu ili—"

"Ndiyo, kuhusu hilo." Akakohoa. "Unajua, mimi na Marlies tumekaa jana tukazungumza. Tukasema, mama ni wetu. Kwa nini tusiseme wenyewe? Na tovuti yako, Bi Tietze, kwa kweli, ni hazina. Kila kitu kipo! Marlies amesoma usiku mzima. Halafu akaiuliza ile akili mnemba kwenye simu yake, ikampangia vizuri, ukisoma unalia."

Carola alitazama jalada juu ya jokofu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Hujakasirika? Wewe mwenyewe umeandika, makala ya tatu sijui ya nne: hakuna anayemjua marehemu kuliko watoto wake."

"Niliandika, ndiyo."

"Sasa swali dogo tu. Marlies anauliza, asome amesimama pembeni ya picha au nyuma ya ile meza?"

Na Carola, Mungu amsaidie, akamjibu. Akamwambia nyuma ya meza, ili apate pa kuweka mikono, na maji yawe karibu. Alipomaliza ndipo alipoikumbuka karatasi ya Bwana Dörffel.

"Bwana Nitsche, nina ombi. Naomba uniandikie mistari miwili. Kwamba mlinipata kwa njia ya tovuti. Ni kwa ajili ya ofisi, leo leo."

"Mistari miwili tu? Hata ukurasa! Njoo makaburini, nitakuandikia kwa moyo mmoja."

Alikwenda kwa miguu, dakika arobaini, kwa kuwa basi lilikuwa limepandisha nauli tena na karatasi ya kuandikiwa haihitaji mtu afike kwa haraka. Jalada alilichukua. Hakujua kwa nini. Labda Marlies atashindwa, labda sauti itamkatika, imewahi kutokea.

Ukumbi wa makaburini ulikuwa na watu kama thelathini, wenye makoti meusi yaliyotoa harufu ya kabati. Chungu cha majivu kilikuwa katikati ya maua meupe. Mtu wa kampuni ya mazishi, mwenye glavu za kijivu, alibonyeza kitufe na muziki ukaanza, akabonyeza tena ukakoma. Carola alikaa safu ya mwisho, karibu na bibi kizee mwenye kofia ya sufu.

Marlies akasimama nyuma ya meza. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya Carola, kutoka makala ya tisa. Ya pili vilevile. Sawa, alijisemea, ndiyo maana niliziweka. Zimeandikwa zitumike. Akajaribu hata kufurahi, jinsi fundi cherehani anavyoona nguo yake inapita njiani.

Halafu Marlies akasoma:

"Na mama alipofunga mlango, aliufunga kwa vidole viwili, polepole, kwa kuwa miaka ishirini na sita katika duka la viatu ilimfundisha kwamba kitu kizito hakiangushwi. Kitu kizito kinatuliwa."

Carola alishika kiti kilichokuwa mbele yake.

Aliyefunga mlango kwa vidole viwili alikuwa Hannelore, mama yake yeye. Miaka ishirini na sita Hannelore aliendesha winchi ya juu katika kiwanda cha makaa, mita kumi na nane kutoka ardhini, ndani ya kibanda cha vioo, akiteremsha vyuma vya tani kumi juu ya vichwa vya wanaume. Aliporudi nyumbani hata kijiko alikiweka mezani kama kinaweza kumwua mtu. Carola alikuwa ameyaandika katika makala ya ishirini na mbili, "Mfano kamili wa hotuba ya mama", kwa kuwa mwalimu alisema mifano iwe ya kweli, itolewe iliyo bora, na kilicho bora alichokuwa nacho ni hicho. Alilia alipokuwa anakiandika. Sasa akili mnemba imemtoa mama yake kwenye winchi na kumsimamisha dukani katikati ya viatu, na maneno hayana tena maana yoyote, kwa sababu kiatu nani anakitua?

Na watu walikuwa wanalia. Bibi mwenye kofia ya sufu alikuwa anajifuta kwa leso.

"Ndivyo alivyokuwa Waltraud," akamnong'oneza Carola. "Ndivyo hasa."

"Alikuwa anafunga mlango polepole?"

"Nani, Waltraud?" Bibi akamgeukia na macho mekundu. "Aa! Alikuwa anaubamiza mpaka plasta inadondoka kwangu chini. Miaka thelathini nimekaa chini yake. Lakini maneno mazuri, sivyo?"

Ndani ya jalada jeusi, mapajani mwa Carola, ukurasa wa pili, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: Waltraud Nitsche hakufunga mlango, aliutangaza. Jengo zima lilijua ametoka na jengo zima lilijua amerudi, na wiki hii kwa mara ya kwanza jengo zima halikujua. Palikuwa pameandikwa pia jinsi alivyojua namba ya mguu wa mtu kwa kumtazama tu anavyoingia dukani, na jinsi alivyowafichia wajawazito wenye miguu iliyovimba viatu vipana chini ya kaunta, enzi zile viatu vilipokuwa haba. Haya alikuwa ameyapata jikoni, kwa keki na kwa masaa. Hakuna aliyeyasikia siku ile, na hakuna atakayeyasikia.

Ndipo mtu wa glavu za kijivu alipobonyeza kitufe.

Nje, Uwe Nitsche alimkumbatia kwa nguvu. Macho yalikuwa yamemvimba na alikuwa mtu mwema, hilo lisisahauliwe. Katika habari hii yote hakuna aliyekuwa mbaya.

"Umesikia? Umesikia walivyolia? Hiyo ni kazi yako, Bi Tietze."

"Bwana Nitsche, ile ya mlango..."

"Ile ya mlango! Hata mimi imenimaliza."

"Mama yako alikuwa anaubamiza. Mlinieleza wenyewe. Mlicheka."

Uwe akafikiri. Akatazama kule wanakosimama watu wakiwashiana sigara. "Ee, kweli," akasema. "Lakini sasa unajua, mbele za watu..." Akatoa kalamu. "Haya, nipe karatasi moja ya hilo jalada lako, niandike nyuma. Mistari miwili, siyo?"

Aliandika akiegemea ukuta, ulimi umemtoka pembeni kidogo kama mtoto wa darasa la pili, na hakuishia kwenye miwili. Carola alimshukuru, akaikunja bila kusoma mbele yake, maana si adabu. Alisoma alipofika kwenye lango.

"Mimi, Uwe Nitsche, nathibitisha kwamba tulimpata Bi Carola Tietze kupitia tovuti yake. Tovuti hii ni ya msaada mkubwa sana. Kila kitu kipo pale, tena bure, kiasi kwamba hatukuhitaji kabisa msemaji. Tunampendekeza kwa wote."

Alisoma mara mbili. Akasimama pale langoni, watu wakampita kushoto na kulia wakienda kunywa kahawa. Kurudi kumwomba mtu aliyetoka kumzika mama yake afute sentensi moja, aliona hawezi. Kuifuta mwenyewe ni kughushi. Saa ilikuwa sita na nusu.

Chumba cha Bwana Dörffel kilikuwa ghorofa ya tatu na kilikuwa na joto kweli kweli. Hapo hita ilikuwa kwenye namba tano, ya juu kabisa. Carola aliona aibu jinsi mwili wake ulivyofurahi. Bwana Dörffel alikuwa na umri wa kama miaka thelathini na tano, shati limepigwa pasi, vyungu vitatu vya dungusi dirishani.

"Karibu, Bi Tietze, vua koti. Nimeiangalia tovuti yako. Nimeisoma, siyo kuiangalia tu."

"Asante."

"Wasomaji elfu kumi na moja na mia tatu katika miezi sita." Akageuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Mstari ulikuwa unapanda kama ngazi. "Katika wale wote niliowapeleka semina, wewe ndiye wa kwanza. Kuna fundi vigae hapa hajafika hata mia. Kwa hiyo kuonekana, unaonekana. Wateja?"

Carola akaweka karatasi mezani. Alikuwa ameamua njiani kwamba ataiweka, kwa sababu hakuwa na nyingine, na kwa sababu bado alidhani mtu akisoma vizuri ataelewa.

Bwana Dörffel alisoma. Akafika mwisho, akarudi juu.

"Hii ni barua ya shukrani."

"Inasema walinipata kupitia tovuti."

"Inasema pia hawakukuhitaji." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama daktari wa meno anavyosema jino gani. "Ulisema? Hotuba, leo, uliisema?"

"Ilisemwa. Na mwingine."

"Bi Tietze."

"Yalikuwa maneno yangu, Bwana Dörffel. Alisoma maneno yangu. Nilikaa kwao saa mbili na nusu. Nilikuwa na hotuba tayari, hii hapa, iangalie, imechapwa."

"Mlisaini kitu?"

"Kwetu hatusaini. Mtu amefiwa, wewe unamtolea mkataba?"

"Fundi vigae anatoa."

"Vigae havilii."

Bwana Dörffel akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Akavuta kibao cha herufi. "Tujaribu kitu. Nisikuonee." Akaandika polepole, akisoma kwa sauti: hotuba ya mazishi ya mama, niseme nini. Akabonyeza.

Juu kabisa ya ukurasa, ndani ya kisanduku chenye rangi hafifu, jibu lilitokea lenyewe, limekamilika, aya nne. Anza na kitu kidogo alichokifanya kila siku. Usiorodheshe sifa, onyesha mkono wake unafanya nini. Kwa mfano, jinsi alivyofunga mlango.

"Si ni yako hii?"

"Ni yangu."

"Basi uko juu kabisa. Huwezi kwenda juu zaidi ya hapo."

"Jina langu liko wapi?"

Akashusha ukurasa. Akashusha tena. Tovuti ya Carola ilikuwa chini, baada ya kampuni mbili za mazishi na duka la majeneza, jina lake limekatwa katikati kwa kukosa nafasi. Wote wawili wakalitazama.

"Watu hawafiki huku chini," akasema Bwana Dörffel, karibu kwa upole. "Mimi mwenyewe nisingefika. Baba yangu alipofariki, mwezi wa tatu, nilisoma kile kisanduku tu." Akavuta fomu haraka, kama ambaye amesema zaidi ya alichokusudia. "Kanuni inasema kazi moja yenye uthibitisho wa maandishi. Mimi siwezi kuibuni."

"Nyinyi ndio mlinipeleka semina. Mlinituma nikatoe bure. Nimefanya kila alichosema yule bwana, kila kitu, nina daftari."

"Semina ilikuwa ya hiari."

"Barua ilisema nisipokwenda mtanikatia nyongeza."

"Ya hiari kwa maana ya kisheria."

Carola akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kifupi, na kilimwogopesha, kwani kilifanana na cha mtu mwingine. Bwana Dörffel akasubiri kiishe.

Kulikuwa na nafasi katika ghala la vifurushi kando ya barabara kuu. Kuanzia Jumatatu, zamu ya asubuhi, basi la wafanyakazi linatoka stesheni. Viatu vya chuma, vile vya kukinga vidole, vinatolewa. Carola alikuwa na miaka hamsini na mbili. Aliuliza kama ni kazi ya kusimama, akaambiwa ni ya kutembea, na madaktari wanasema kutembea ni bora.

"Na tovuti?"

"Tovuti unaweza kuiacha." Bwana Dörffel alifurahi kuwa na kitu cha kumpa. "Kama starehe yako tu, bila kudai malipo, hakuna anayekukataza. Ingekuwa hasara kuifunga. Inasaidia watu wengi."

Akasaini. Mahali pa sababu, fomu ilikuwa imeshajijaza: shughuli haina mwelekeo.

Saa kumi kasorobo alikuwa nyumbani. Hakuwasha taa ya jikoni ingawa nje kulishaanza kufifia. Josefine alikuwa amemwachia ujumbe kwamba mwenye saluni amemtukana tena mbele za mteja na kwamba safari hii anaacha kweli, ameshapata hata jina la ukurasa wake, lisikie, mama! Carola aliusoma, akaanza kuandika usifanye hivyo, akafuta, akaandika tuzungumze ukirudi, akafuta na hiyo. Amwambie kwamba mama yake alifanya vizuri, alisifiwa na ofisi nzima, watu elfu kumi na moja, na kwamba vizuri vyote hivyo vimemfikisha kwenye basi la ghala? Kijana hasikii hayo. Kijana anasikia elfu kumi na moja.

Alikuwa bado na koti aliposikia simu. Namba ngeni.

"Samahani," ikasema sauti ya mwanamume, ya mtu mzima, iliyokwaruza. "Wewe ndiye yule mama wa tovuti ya hotuba?"

"Ndiye mimi."

"Jina langu Reinhold Kunath, niko huku Dornitz. Nimekuona mtandaoni. Mama yangu amefariki jana alfajiri."

"Pole sana, Bwana Kunath." Na moyo wake, mjinga ule, ukaruka. Dornitz ni nusu saa kwa treni. Bwana Dörffel hutoka ofisini saa kumi na moja. Mtu huyu akisema ndiyo, akiandika mistari miwili tu jioni hii hii, pengine fomu bado iko juu ya meza. "Naweza kuja. Hata sasa hivi naweza kuja, nikae na nyinyi, mnieleze."

"Hapana, hapana, usisumbuke. Nitaandika mwenyewe. Nina swali moja tu, nimelitafuta sikulipata." Alivuta pumzi. "Mama alituacha tulipokuwa wadogo. Mimi na ndugu zangu watatu. Miaka saba. Halafu akarudi, akakaa nasi mpaka jana, kama vile hakwenda popote, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Sasa Alhamisi nisimame pale niseme nini? Nikiitaja ile miaka nitamwaibisha. Nisipoitaja, ndugu zangu wataniona mwongo. Inasemwaje hiyo?"

Carola alijua inasemwaje. Alikuwa amewahi kuisema, mwaka wa nne wa kazi yake, kwa mama mwingine, na ukumbi mzima ulinyamaza na mtoto mkubwa akasimama akaenda kugusa chungu cha majivu. Alikuwa na jibu lote kinywani, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na hata mahali pa kushusha sauti.

"Hiyo haisemwi kwa simu, Bwana Kunath. Hiyo inahitaji mtu aje akae."

"Aa, sisi hatuna uwezo wa kuleta mtu. Niambie kwa kifupi tu. Sentensi moja."

Dirishani mvua ilikuwa inaanza.

"Sijui," akasema Carola.

"Hujui?"

"Sijui."

"Lakini imeandikwa hapa kwenye tovuti yako, niulize chochote."

"Imeandikwa, ndiyo."

Ilisikika redio nyuma ya yule mwanamume, na mtu anauliza kwa mbali, amesema nini, Reinhold, amesema nini? "Haya," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kurudishwa mlangoni. "Samahani kwa usumbufu, mama."

Simu ikakatika. Carola alibaki ameishika sikioni. Katika miaka tisa hakuwahi kumwacha mfiwa bila neno, hata mmoja. Jibu lilikuwa bado kinywani, zima, na hakuwa na pa kulipeleka. Akalimeza. Kisha akaenda kutafuta soksi nene za kuvaa ndani ya viatu vya chuma, kwani Jumatatu basi linatoka saa kumi na moja na robo alfajiri.